Nadai halmashauri mishahara ya miezi 7, wao wanasema mimi ndiye nadaiwa. Nianzie wapi?

#1 Mtoza wa Mwalo
Wakuu salaam.

Nilikuwa mkusanya ushuru wa halmashauri moja ya huku ziwani, jina naliweka mfukoni kwa sasa. Mkataba wa miezi 6, ukaisha, ukaongezwa, ukaisha tena, ukaongezwa tena. Tunalipwa kwa mapato ya ndani, laki 2 kwa mwezi. Check namba, ile namba ya mtumishi aliye kwenye mishahara ya serikali, sina. Kitendea kazi ni mashine ya POS, roli za karatasi na kiti cha plastiki chini ya mti pale mwaloni, wanaposhushia samaki. Gunia la dagaa likipita nakata risiti, beseni la sato likipita nakata risiti, jioni natafuta wakala wa benki naweka kwa control namba (namba ya malipo ya serikali).

Novemba hadi Mei sijalipwa hata senti. Nikienda ofisini, "vumilia, makusanyo hayajakaa vizuri". Nikavumilia. Nikakopa. Mke akaenda kwao Magu kwa muda (nimesema kwa muda, msianze). Tarehe 31 Mei mkataba umeisha, hawakuongeza. Wiki mbili baadaye naitwa, nikajua malipo yametoka, nikavaa hadi shati la kupiga pasi. Nikapewa barua. Eti nina "upungufu wa makusanyo" wa Sh 1,860,000 kwa wiki 31, nilipe, la sivyo hatua zitachukuliwa.

Mimi nawadai 1,400,000. Kwa hesabu yao nimefanya kazi miezi 7 na bado natakiwa niwaongeze 460,000.

Leo ni 14 Julai. Niende CMA, mahakamani, Utumishi, au kwa Mkuu wa Mkoa? Na nikienda si ndiyo watanikamata?

#2 Furu Mkavu
Nimekaa juu ya jiwe la Bismarck nasubiri wanasheria. Pole mkuu. Hilo shati la pasi limeniuma kuliko deni.

#3 Ng'wana Igogo
Taja halmashauri, usituletee mafumbo.

#4 Bibi wa Nyakato
Usitaje mwanangu. Ukitaja leo, kesho uzi unasomwa ofisini na keshokutwa mashahidi wako wanapigiwa simu. Endelea na maswali yako.

#5 Msomi wa Malimbe
Mleta mada, kwako njia ni CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ofisi ipo hapa Mwanza. Kufungua shauri hulipi chochote. Unachukua fomu CMA F.1, unaijaza, nakala unampelekea mwajiri naye anasaini kuwa amepokea, halafu unaisajili. Wakili si lazima. Unaweza kusimama mwenyewe, kusimamiwa na kiongozi wa chama cha wafanyakazi au mwakilishi uliyemchagua.

Kuna jambo moja usilichezee, ni muda. Kanuni za 2007 zinasema mgogoro wa kuachishwa kazi upelekwe ndani ya siku 30, migogoro mingine ndani ya siku 60. Wewe unadai mshahara, hulalamikii kuachishwa, kwa hiyo unaangukia kwenye 60. Ukihesabu kuanzia 31 Mei, siku ya 60 ni 30 Julai. Umebakiwa na siku 16. Acha kuzunguka kwa wakubwa.

#6 Faili la Kijani
Nimekaa masijala na ofisi ya utumishi miaka mingi kabla sijastaafu, naomba nimpinge kijana wa Malimbe kwa upole. CMA atafukuzwa mlangoni.

Sheria ya Utumishi wa Umma iliongezwa kifungu cha 32A mwaka 2016. Kinasema mtumishi wa umma amalize kwanza njia zote za ndani ya sheria hiyo kabla hajakimbilia sheria za kazi. Mwaka 2022 Mahakama ya Rufani ikiwa Mtwara, katika shauri la Shirika la Posta, ikasema wazi kwamba CMA haina mamlaka juu ya mtumishi wa umma. Tangu hapo mashauri mengi ya watu wa mashirika na halmashauri yamefutwa, mengine yalikuwa yameshashinda ngazi ya chini. Watu walikuwa wamenunua hadi mbuzi wa sherehe.

Njia yake ni barua kwa mkurugenzi, akikataa anakwenda Tume ya Utumishi wa Umma, rufaa ndani ya siku 45.

#7 Furu Mkavu
Hao mbuzi walirudishwa?

#8 Faili la Kijani
Waliliwa. Kilichorudishwa ni hukumu.

#9 Mtoza wa Mwalo
Sasa nimechanganyikiwa zaidi ya nilivyokuja. #5 ananipa siku 16, #6 ananipa siku 45. Barua ya deni niliipokea 14 Juni. Mzee wa #6, mimi ni mtumishi wa umma kweli? Hata kitambulisho changu kilikuwa karatasi iliyopigwa laminesheni pale stendi ya Buhongwa, picha ni ya cheti cha darasa la saba.

#10 Joho Jeusi
Swali la #9 ndilo shauri lenyewe, msilipite.

32A inamhusu "mtumishi wa umma". Huyo ni nani? Rudini kwenye kifungu cha tafsiri cha sheria hiyohiyo, cha 3. Ofisi ya utumishi wa umma imeelezwa, halafu vikaorodheshwa visivyomo: ubunge, ujumbe wa mabaraza na bodi, na pia ofisi ambayo malipo yake ni kwa saa, kwa siku au kwa mkataba wa muda maalumu. Mleta mada ana mkataba wa miezi 6. Kwa maandishi ya sheria yeye hayumo, na kama hayumo, 32A haimgusi, na mlango wake ni CMA.

Kesi ya Mtwara ninaiheshimu, lakini aliyekuwa mbele ya mahakama hakuwa kibarua wa miezi 6 wa mwaloni. Msichukue koti la mtu mrefu mkamvalisha mfupi.

#11 Faili la Kijani
Joho Jeusi, nakubali maandishi yapo. Ila umefika ukaona yanavyotumika? Wakili wa serikali anasimama anasema, "Mheshimiwa, mwajiri ni halmashauri, hivyo mdai ni mtumishi wa umma, tunaomba shauri liondolewe." Msuluhishi naye ana mafaili 40 mezani. Pingamizi la mamlaka ndilo tamu kuliko yote, linamaliza faili bila kusikiliza shahidi. Na mkataba uliokwisha ukaongezwa mara mbili, wao wenyewe watasema si wa muda tena.

#12 Msomi wa Malimbe
Wakisema si wa muda tena, basi wanakubali alikuwa mwajiriwa wao wa kudumu, na mshahara wake wa miezi 7 uko wapi? Waseme hivyo tu, tutawapigia makofi.

#13 Mzee wa Kamanga
Shikamooni walionizidi, marahaba wadogo zangu.

Nina kisa changu. Nililinda shule moja ya umma, upande wa pili wa ziwa, usiku, rungu na tochi. Mshahara ulitoka kwenye michango, halafu michango ikakatazwa, nami nikabaki na rungu. Miezi 11. Sikwenda CMA wala sikuijua. Nilimwandikia mtendaji wa kata, nakala kwa diwani, nakala kwa mkaguzi wa ndani wa halmashauri. Huyo wa tatu ndiye aliyeniokoa. Deni likishaingia kwenye orodha ya madeni ya halmashauri, wakaguzi wa CAG, yaani Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, wakija linaulizwa, na halmashauri haipendi kuulizwa. Nililipwa kwa mafungu matatu, la mwisho mke wangu aliligeuza bati.

Kwa hiyo mleta uzi, kokote uendako, hakikisha deni lako limeandikwa kwao. Deni la mdomo ni kama samaki ndani ya maji.

#14 Joho Jeusi
Mzee wangu, shikamoo. Ushauri wa barua ni mzuri, ila barua haisimamishi saa ya siku 60. Afanye vyote viwili.

#15 Nyar Kisumu
Wadau wa Mwanza hamjambo, nawasalimu kutoka upande wa pili wa maji. Kwani huko ni siku 60 pekee? Kwetu Sheria ya Ajira ya 2007 inakupa miaka 3 kwenda kortini, na kama ni madhara yanayoendelea, miezi 12 tangu yakome. Na korti ya ajira tunayo hapahapa Kisumu. Huyu kijana avuke tu.

#16 Furu Mkavu
Avuke na POS yake?

#17 Msomi wa Malimbe
Dada wa Kisumu, asante, lakini wasomaji wasichanganye. Miaka 3 ni Kenya. Hapa ukichelewa unajaza fomu ya kuomba kuongezewa muda, CMA F.2, na lazima ueleze sababu ya kila siku uliyochelewa. "Niliambiwa nivumilie" haijawahi kuwa sababu tamu.

Na kuna hoja ngumu ambayo sijaiona ikijadiliwa humu: mshahara wa Novemba unahesabiwa siku 60 tangu lini? Wapo wanaosema kila mwezi ni mgogoro wake, hivyo Novemba hadi Machi imekwishaoza. Wapo wanaosema kutolipwa ni kosa linaloendelea mpaka siku mkataba ulipokoma. Mimi nipo kundi la pili, ila ningekuwa yeye ningepeleka F.1 pamoja na F.2 kujihami.

#18 Faili la Kijani
F.2 ukiipeleka umekiri umechelewa.

#19 Msomi wa Malimbe
Na usipoipeleka wakakuambia umechelewa, umekwisha. Chagua kifo chako.

#20 Mama Kauzu
Jamani mnaongea vifungu, mimi naomba niongee dagaa. Nanunua dagaa huo mwalo na miwili ya jirani mwaka wa tisa huu. Nimesoma #1 mara mbili, nikachukua kikokotoo.

1,860,000 gawa kwa 31. Jibu ni 60,000 kamili, hakuna hata mia moja pembeni.

Yaani kwa wiki 31 huyu kijana alipungukiwa shilingi elfu sitini kamili kila wiki? Dagaa wanavuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikija, taa haivuti kitu, mitumbwi inapandishwa mchangani, wavuvi wanashona nyavu na kunywa. Wiki ya giza chanja zote za kuanikia zinajaa, hata pa kukanyaga hakuna. Wiki ya mbalamwezi mwalo unalia. Hakuna mtoza ushuru duniani anayepungukiwa sawasawa wiki ya giza na wiki ya mbalamwezi.

Kijana, uliwekewa lengo la wiki?

#21 Mtoza wa Mwalo
Mama, umenifanya nisimame. Ndiyo. Lengo lilikuwa 240,000 kwa wiki. Wastani wangu nadhani ulikuwa kama 180,000. Kuna wiki nilivuka 300,000, kuna wiki nilipata 70,000 na nyingine chini ya hapo.

#22 Mama Kauzu
Basi hilo si deni. Hilo ni lengo lao kutoa wastani wako. Hukuiba hela, umedaiwa samaki ambao hawakuvuliwa.

#23 Ng'wana Igogo
Hahaha mama kamaliza kesi kwa kikokotoo cha dukani. Tumpe joho.

#24 Jicho la Hesabu
Polepole. Mimi ni mhasibu, si wa halmashauri. Hesabu ya #20 inavutia lakini haithibitishi. Huenda walichukua jumla ya risiti za POS, wakatoa jumla ya fedha zilizofika benki, wakapata tofauti, wakaigawanya kwa wiki ili barua ieleweke. Ni kweli kwamba kutoka namba kamili namna hiyo ni bahati ya ajabu. Ila ripoti za CAG zimeandika mara nyingi kuhusu fedha za POS ambazo hazikupelekwa benki, na wengine waliotajwa humo walizila kweli. Mleta mada, bila kukosea heshima: kila ulichokata risiti ulikipeleka?

#25 Mtoza wa Mwalo
Nimekupata, swali ni halali. Nilipeleka. Mara mbili nilichelewa, maana wakala alikuwa hana floti na mvua ilikatisha barabara, nikaweka kesho yake.

Tatizo ni ushahidi. Karatasi za kuwekea fedha nilizihifadhi kwenye mfuko wa rambo, nikautundika ukutani. Jana usiku nimezitoa. Za Novemba na Desemba ni nyeupe. Yaani nyeupe pe. Nikashika moja nikaiinamisha kwenye taa, nikaona kivuli cha herufi, "...ASHAU..." na namba ya mwisho 4, basi. Bati letu halina dari, joto limezifuta zote.

#26 Bibi wa Nyakato
Maskini. Zile karatasi ni za joto, hazina wino. Zilizobaki zipige picha leo, na uende ukatoe fotokopi. Usizipitishe kwenye laminesheni, zitageuka nyeusi zote kama mkaa. Nimeharibu risiti za friji yangu hivyohivyo.

#27 Jicho la Hesabu
Karatasi imekufa lakini taarifa haijafa. Risiti ya POS inaingia kwenye mfumo wa mapato, siku hizi TAUSI, na malipo ya control namba yanabaki benki. Kinachotakiwa ni taarifa mbili: mashine namba yako ilikata kiasi gani, na control namba zake zililipwa kiasi gani. Tofauti ya hizo mbili ndiyo deni, kama lipo. Lengo la wiki halina nafasi kwenye hesabu hiyo. Nikirudi kwa Mama Kauzu: kama barua imeandika "upungufu wa makusanyo", maneno hayo kihasibu yananusa lengo kweli. Fedha isiyopelekwa huitwa fedha isiyowasilishwa. Nusu ya pointi nampa.

#28 Mama Kauzu
Nusu? Nitakuuzia dagaa nusu wenye mchanga.

#29 Asiyelala Igoma
Mnampeleka kijana pabaya. Akifungua shauri, wao wanafungua jalada polisi. Kanuni ya Adhabu kifungu cha 270, wizi wa mtumishi wa umma. Nina jirani yangu ilimkuta: alidai posho zake, akaishia kuripoti kituoni kila Jumatatu kwa miezi minane. Jalada lilifungwa bila kesi, lakini posho nazo zikafia humohumo.

#30 Furu Mkavu
Ngoja nisaidiwe mimi ambaye shule nilipita kama upepo. Akidai mshahara, yeye ni kibarua, hana check namba, asubiri makusanyo. Akienda CMA, yeye ni mtumishi wa umma, aondoke. Akitakiwa kufungwa, mtumishi wa umma tena. Akitaka kima cha chini cha serikali?

#31 Ng'wana Igogo
Kibarua.

#32 Furu Mkavu
Asante, nimeelewa sheria.

#33 Joho Jeusi
Mzaha wa #30 ndiyo hoja nitakayoiandika siku nikipewa faili kama hili. Wachague jina moja.

Kuhusu kukata mshahara kufidia hasara: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, kifungu cha 28, haimruhusu mwajiri kukaa na mshahara wako kama rehani. Kufidia hasara lazima mfanyakazi awe amekubali kukatwa, hasara iwe imetokana na kosa lake akiwa kazini, apewe maandishi yenye sababu, kiasi na namna deni lilivyokokotolewa, apate nafasi ya kulipinga, na makato yasizidi robo ya mshahara wake. Robo ya laki 2 ni 50,000. Wao wamekata robo nne.

Kama hawana mkataba wako mezani, kifungu cha 15 kinawatupia wao mzigo wa kuthibitisha masharti ya ajira. Na wakithubutu kusema hukuwa mwajiriwa bali wakala, kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi kina dhana ya ajira: mashine ni yao, saa za kazi wanapanga wao, kazi unawafanyia wao.

#34 Faili la Kijani
Nyongeza ndogo: namba za vifungu msizikariri. Toleo la sheria zilizofanyiwa urekebu la 2023 lilianza kutumika 1 Julai 2025 na baadhi ya namba zimehama. Kijana asije akaandika 32A, msuluhishi akafungua kitabu kipya akakuta kitu kingine.

#35 Joho Jeusi
Hapo mzee umesema kweli. Nilizotaja ni za kitabu nilichozoea. Aandike hoja, namba atazihakiki palepale.

#36 Wa Misungwi
Mmesahau notisi ya siku 90. Sheria ya Mashauri dhidi ya Serikali, marekebisho ya 2020 yameingiza halmashauri humo. Unampa mwajiri notisi, nakala kwa Mwanasheria Mkuu na Wakili Mkuu wa Serikali, unasubiri siku 90, unafungua Mahakama Kuu, na Mwanasheria Mkuu lazima awe mdaiwa. Usipofanya hivyo kesi inakufa.

#37 Msomi wa Malimbe
Hiyo ni kwa mashauri ya madai mahakamani. CMA si mahakama, na ukikaa siku 90 unasubiri notisi, siku 60 zimekwisha na mwezi juu. Haiwezekani sheria mbili zikutake uwe mahali pawili.

#38 Wa Misungwi
Umewahi kuona sheria zikijali hilo? Mimi nasema apeleke notisi pia. Karatasi na nauli tu.

#39 Mtoza wa Mwalo
Nauli kutoka kwetu hadi mjini, kwenda na kurudi, nakula nini siku hiyo? Mnaongea kama mnanipa gari.

#40 Mzee wa Kamanga
Siku hizi afadhali daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa. Zamani ungelala foleni ya kivuko na barua yako mkononi.

#41 Ng'wana Igogo
Ila samaki wa kukaanga wa pale kivukoni tumewapoteza. Daraja la kilomita 3 unapita dakika chache, hata kumeza mate hujamaliza.

#42 Bibi wa Nyakato
Mmeanza. Rudini kwenye mada. Mnawakumbuka wastaafu wa iliyokuwa Jumuiya ya Afrika Mashariki? Jumuiya ilivunjika 1977, reli, posta, bandari, meli, wote nje. Hati ya makubaliano mahakamani ikaja 2005, miaka 28, bilioni 117. Na baada ya hapo wengine bado walisema hawakulipwa sawasawa. Wazee wa Mkuyuni waliokuwa wa reli nawakumbuka na zile bahasha za kaki, wanakuja nazo hadi msibani.

#43 Asiyelala Igoma
Bibi unamtisha kijana kuliko mimi.

#44 Diwani wa Kufikirika
Swali la pembeni. Kima cha chini cha serikali kilitangazwa Mei Mosi 2025 kutoka 370,000 hadi 500,000, kuanzia Julai 2025. Kwa nini asidai na tofauti? Laki 2 ni kejeli.

#45 Faili la Kijani
Kile ni cha walioko kwenye orodha ya mishahara ya Hazina. Wa mapato ya ndani wanalipwa kwa makubaliano ya mkataba.

#46 Msomi wa Malimbe
Sina hakika kama hilo lingesimama mbele ya jaji. Mwajiri ni yuleyule, mlango ni uleule. Ila ushauri wangu asiiongeze sasa, itamfanya aonekane mwenye tamaa na kuwapa kitu cha kubishania. Adai 1,400,000 safi. Na kwenye F.1 aandike kiasi, maana usichokiomba kwenye fomu hutapewa baadaye.

#47 Wa Misungwi
Tuseme ameshinda. Anakazaje hukumu? Zamani dalali alikamata gari la halmashauri, mkurugenzi akapanda bodaboda wiki nzima, hela ikapatikana. Tangu 2020 mali ya halmashauri haishikwi, unapewa hati unaipeleka ulipwe kwa utaratibu wao.

#48 Nyar Kisumu
Hata huku serikali haikamatwi mali. Tunaomba amri ya kumlazimisha ofisa alipe, akikaidi anashtakiwa kwa kudharau korti. Siku hiyo hela hupatikana kabla ya chai.

#49 Mtoza wa Mwalo
Wakuu, mrejesho. Nimekaa kimya wiki mbili.

Nilikwenda CMA tarehe 23 Julai. Nilijaza F.1 kwa Kiswahili. Karani akaniuliza, "Mtumishi au kibarua?" Nikamjibu, "Hilo ndilo nimekuja kuuliza." Akacheka, akapokea. Sehemu ya kiasi nilikuwa nimeiacha wazi, ningekuwa sijasoma #46 ningeondoka hivyohivyo. F.2 nimeiacha, nisameheni walionishauri. Nakala nilipeleka halmashauri, masijala wakasaini baada ya kuzungushwa ofisi nne, na nyingine nimemwachia mkaguzi wa ndani kama mzee wa Kamanga alivyosema. Notisi ya siku 90 pia nimeituma, nauli nilikopa kwa shemeji.

Usuluhishi umeshakaa mara moja. Mwanasheria wao akasimama na pingamizi lilelile la Faili la Kijani, neno kwa neno, nikadhani ni yeye. Msuluhishi akasema atalisikiliza, ila akauliza lile deni limekokotolewaje. Akajibu, "Kwa mujibu wa kumbukumbu." Nikaomba taarifa ya mashine yangu na malipo ya control namba zake. Mwanasheria akaomba muda akaitafute. Hakuna aliyenitaja polisi, mpaka sasa.

#50 Faili la Kijani
Si mimi, nipo shambani Kwimba. Wakileta hiyo taarifa nakuomba msamaha hadharani. Wasipoileta, bado pingamizi la mamlaka lipo palepale.

#51 Joho Jeusi
Usikubali wakupe muhtasari. Taka ya siku kwa siku.

#52 Mama Kauzu
Umepangiwa lini tena?

#53 Mtoza wa Mwalo
Jumatano ya wiki ya tatu.

#54 Mama Kauzu
Wiki hiyo ni giza. Pitia mwaloni kwangu Jumanne jioni, kuna magunia ya kubeba, utapata nauli.